Mkengeuko sanifu, kosa sanifu na thamani ya p: naomba ufafanuzi wa tofauti zake

Swali kutoka kwa Mwanafunzi_Mpya

Habari zenu wanajukwaa. Nimeanza somo la takwimu muhula huu, na nimefika mahali ambapo kukokotoa hakunisumbui, ila maana ya kile ninachokikokotoa ndiyo inayonipiga chenga. Nikipewa orodha ya namba ninaweza kutafuta wastani, mediani, modi, varianzi (wastani wa miraba ya tofauti za namba na wastani wao) na mkengeuko sanifu (kipeuo cha pili cha varianzi) bila shida. Tatizo linaanza pale somo linapotoka kwenye kueleza data zilizopo na kuingia kwenye kukisia hali ya kundi ambalo halijapimwa lote. Kuanzia hapo istilahi zinafanana, kanuni zinafanana, nami ninashindwa kujua ni lini nitumie ipi.

Zoezi lililoniletea swali hili lina alama za mtihani za wanafunzi 36 waliochaguliwa kwa nasibu kutoka kundi kubwa la watahiniwa. Wastani wao ni 58 na mkengeuko sanifu ni 12. Kisha tunaambiwa tutafute kosa sanifu, na jibu ni 2. Namba hizi mbili, 12 na 2, zote zinaelezwa kuwa ni vipimo vya mtawanyiko, na zote zimetokana na alama zile zile. Inakuwaje mtawanyiko mmoja uwe na majibu mawili?

Jambo la pili ni kwamba katika kutafuta varianzi tuligawanya kwa 35 badala ya 36, na sababu iliyotolewa ni maneno mawili tu, "digrii za uhuru", bila maelezo zaidi. La tatu ni thamani ya p. Andiko moja la mafunzo linasema kwamba p ikiwa 0.03, basi uwezekano wa nadharia tete sifuri (dai kwamba hakuna athari wala tofauti yoyote) kuwa kweli ni asilimia 3. Andiko jingine linasema tafsiri hiyo ni kosa kubwa, lakini halisemi kosa liko wapi. Naomba msaada wa kuelewa mantiki yenyewe, kwa kuwa kanuni tayari ninazo.

Jibu la Mkokotozi

Ndugu Mwanafunzi_Mpya, karibu sana. Maswali yako matatu yana mzizi mmoja. Katika takwimu za kukisia tunashughulika na mikusanyiko mitatu ya namba kwa wakati mmoja, lakini maelezo mengi ya darasani huonyesha waziwazi miwili tu. Mkusanyiko wa kwanza ni kundi lengwa, yaani alama za watahiniwa wote, ambazo hatunazo. Wa pili ni sampuli, yaani zile alama 36 zilizo mbele yako. Wa tatu haumo kwenye karatasi yako kabisa, nao ndio unaowatatiza wanafunzi wengi: ni mkusanyiko wa thamani za wastani za sampuli zote zenye ukubwa wa 36 ambazo zingeweza kuchaguliwa kutoka kundi lile lile. Wewe umechagua sampuli moja, lakini nasibu ingeweza kukupa nyingine, na nyingine tena, kila moja ikiwa na wastani wake. Kila unapokutana na istilahi mpya, jiulize kwanza inaeleza mkusanyiko upi kati ya hiyo mitatu.

Namba inayoeleza kundi lengwa huitwa parameta, na kwa desturi huandikwa kwa herufi za Kigiriki: μ kwa wastani na σ kwa mkengeuko sanifu. Parameta haibadiliki, ni namba moja iliyotulia, ingawa hatuijui. Namba inayokokotolewa kutokana na sampuli huitwa takwimu ya sampuli, nayo hubadilika kila sampuli inapobadilika. Mkengeuko wako wa 12 unaeleza mkusanyiko wa pili: unakuambia kwamba alama za wanafunzi mmoja mmoja hutofautiana na wastani kwa takriban alama 12. Kosa sanifu la 2 linaeleza mkusanyiko wa tatu: linakuambia kwamba thamani za wastani za sampuli mbalimbali zingetofautiana na wastani halisi wa kundi kwa takriban alama 2. Kwa hiyo si mtawanyiko mmoja wenye majibu mawili, bali ni mitawanyiko miwili ya vitu viwili tofauti: alama za watu, na wastani wa makundi ya watu 36.

Mambo haya huonekana vizuri zaidi kwa namba chache zinazoweza kuhesabiwa zote. Chukua kundi lengwa lenye namba tano tu: 2, 4, 6, 8 na 10. Wastani wake ni 6. Tofauti za kila namba na wastani ni −4, −2, 0, 2 na 4. Miraba yake ni 16, 4, 0, 4 na 16, ambayo jumla yake ni 40. Kwa kuwa hili ni kundi zima, tunagawanya kwa 5 na kupata varianzi ya 8. Kipeuo chake cha pili, yaani mkengeuko sanifu wa kundi, ni takriban 2.83.

Sasa chagua sampuli ya namba mbili, ukirudisha ya kwanza kabla ya kuchagua ya pili. Kuna sampuli 25 zinazowezekana, nazo zina nafasi sawa. Ukiziandika zote (nakushauri uziandike kwa mkono, hazichukui muda mrefu), utaona kwamba wastani wa 2 unatokea mara 1, wa 3 mara 2, wa 4 mara 3, wa 5 mara 4, wa 6 mara 5, kisha idadi inashuka hivyo hivyo hadi wastani wa 10 unaotokea mara 1. Huo ndio mkusanyiko wa tatu ukiwa umeandikwa wote. Wastani wake ni 6, sawasawa na wa kundi, na ndiyo sababu tunasema wastani wa sampuli ni kikadirio kisicho na upendeleo. Varianzi yake ni 4, yaani ile 8 ya kundi ikigawanywa kwa 2 ambayo ni ukubwa wa sampuli. Kipeuo cha pili cha 4 ni 2, na hilo ndilo kosa sanifu. Kanuni uliyoitumia kwenye zoezi, ya kugawanya 12 kwa kipeuo cha pili cha 36, inafanya kazi hiyo hiyo bila kukulazimisha kuorodhesha sampuli zote, ambazo kwa kundi kubwa zisingehesabika.

Tazama pia umbo la orodha ile. Kundi la mwanzo lilikuwa bapa, kila namba ikitokea mara moja, lakini thamani za wastani zimejikusanya katikati na kupungua pande zote mbili. Sampuli zikiwa kubwa zaidi, umbo hilo hukaribia mgawanyo wa kawaida, ule wenye umbo la kengele, hata kama kundi lenyewe halina umbo hilo, mradi varianzi yake isiwe isiyo na kikomo. Abraham de Moivre alionyesha sura ya kwanza ya tokeo hili mwaka 1733 kwa kuchunguza urushaji wa sarafu, na Pierre-Simon Laplace akalipanua baadaye. Ukiniuliza mimi, hili ndilo tokeo muhimu kuliko yote katika somo unaloanza, kwa sababu bila hilo tungelazimika kujua umbo la kundi kabla ya kusema lolote kuhusu wastani wake.

Kuhusu 35 na 36. Tungependa kupima umbali wa kila alama kutoka wastani halisi wa kundi, lakini hatuujui, kwa hiyo tunatumia wastani wa sampuli badala yake. Wastani wa sampuli umetokana na alama zile zile, nao una sifa moja: hakuna namba nyingine inayofanya jumla ya miraba ya tofauti iwe ndogo kuliko inavyokuwa ukitumia wastani huo. Maana yake ni kwamba jumla unayoipata kamwe haizidi ile ambayo ungeipata kwa wastani halisi, na karibu kila mara ni ndogo kuliko hiyo. Ukigawanya kwa 36 utapata varianzi ambayo kwa kawaida ni pungufu. Kugawanya kwa 35 hurekebisha upungufu huo. Marekebisho haya hujulikana kwa jina la Friedrich Bessel, mwanafalaki na mwanahisabati wa Ujerumani. Hizo digrii za uhuru ni jambo hilo hilo likitazamwa kwa upande mwingine: tofauti 36 kutoka wastani wa sampuli lazima zijumlishwe kuwa sifuri, kwa hiyo ukishazijua 35, ya 36 haina uhuru tena.

Rudi kwenye sampuli zetu 25 uhakikishe mwenyewe. Kwa kila jozi, tafuta jumla ya miraba ya tofauti kutoka wastani wa jozi hiyo. Ukigawanya kila jumla kwa 2, kisha ukatafuta wastani wa majibu yote 25, utapata 4, nusu ya varianzi halisi. Ukigawanya kwa 1, yaani ukubwa wa sampuli ukitoa moja, wastani wa majibu yote 25 ni 8 kamili. Nimewaona wanafunzi waliokariri kanuni hii kwa miaka wakishangaa wanapoikuta inatoka yenyewe kwenye jedwali la namba tano. (Kwa usahihi zaidi niseme kwamba kinachopona upendeleo hapa ni varianzi; ukichukua kipeuo chake cha pili, upendeleo mdogo hurudi, lakini kwa sampuli ya 36 ni mdogo mno kukusumbua.)

Jambo la mwisho kwa upande wangu. Ukiongeza sampuli, mkengeuko sanifu haupungui, kwa sababu wanafunzi hawafanani zaidi eti kwa kuwa umewapima wengi. Kinachopungua ni kosa sanifu, nalo hupungua polepole: ili kulishusha kutoka 2 hadi 1 unahitaji wanafunzi 144, yaani mara nne ya ulionao.

Jibu la Mchambuzi_Data

Maelezo ya Mkokotozi ni sahihi, nami nayaunga mkono. Ningependa tu kuongeza sharti ambalo ndani ya zoezi limefichwa katika maneno "waliochaguliwa kwa nasibu", kwa sababu wanafunzi wengi huyasoma maneno hayo kama pambo, kumbe hesabu yote ya kosa sanifu imejengwa juu yake.

Kosa sanifu hupima tofauti zinazoletwa na bahati ya uchaguzi, wala halipimi kitu kingine. Ikiwa namna ya kuchagua inawaacha nje watu wa aina fulani, kosa hilo halionekani kwenye hesabu, na kuongeza ukubwa wa sampuli hakulipunguzi hata kidogo. Mfano unaojulikana sana ni wa uchaguzi wa rais wa Marekani mwaka 1936. Jarida la Literary Digest lilituma karatasi za maoni takriban milioni 10 na kurudishiwa zaidi ya milioni 2, kisha likatangaza kwamba Alf Landon angemshinda Franklin Roosevelt, ambaye kwa hesabu zake angepata takriban asilimia 43 ya kura. Roosevelt alipata zaidi ya asilimia 60 na kushinda katika majimbo 46 kati ya 48. Majina ya watumiwa yalitokana kwa sehemu kubwa na orodha za wenye simu na wenye magari, watu ambao katika miaka ile ya mdororo wa uchumi walikuwa na uwezo kuliko wengine. Tena waliojitolea kurudisha karatasi hawakuwa na maoni sawa na wale waliokaa kimya. George Gallup, mtafiti wa maoni ya umma, kwa sampuli ndogo mara nyingi kuliko hiyo, alitabiri mshindi kwa usahihi.

Hebu weka namba hizo kwenye kanuni. Kosa sanifu la asilimia kwa sampuli nasibu ya watu milioni 2 halifiki hata asilimia 0.04. Kosa lililotokea lilizidi asilimia 17. Kanuni haikukosea, ilijibu swali la sampuli nasibu, na ile haikuwa sampuli nasibu. Kwa hiyo mtu akikuletea sampuli kubwa, usianze na ukubwa wake. Uliza kwanza waliomo walipatikanaje, na wasiokuwemo ni akina nani.

La pili, usiyaache haraka mambo unayosema hayakusumbui. Wastani na mkengeuko sanifu ni muhtasari mzuri pale data zinapokuwa na umbo linalokaribia ulinganifu. Data zikiwa na mkia mrefu upande mmoja, kama ilivyo kwa kipato cha watu au muda wa kusubiri huduma, wastani huvutwa na thamani chache kubwa. Chukua namba 4, 5, 5, 6, 7, 8 na 70. Wastani ni 15, namba ambayo haifanani na yoyote kati ya zile saba: sita ziko chini yake kwa mbali, na moja iko juu sana. Mediani ni 6. Ukiiondoa ile 70, wastani unaporomoka hadi takriban 5.8, ilhali mediani inasogea kidogo tu hadi 5.5. Mediani ikitumika, mtawanyiko nao huelezwa kwa robo: tofauti kati ya robo ya kwanza na robo ya tatu, ambayo nayo haiyumbishwi na thamani moja iliyo mbali.

Na uchore data zako kabla ya kukokotoa. Mwaka 1973 Francis Anscombe alitunga seti nne za data, kila moja ikiwa na jozi 11 za namba. Katika zote nne wastani wa x ni 9, wastani wa y ni 7.5, kizigeu cha uhusiano (kipimo cha jinsi x na y zinavyokwenda pamoja kwa mstari) ni takriban 0.82, na hata mstari wa kukadiria y kutokana na x ni ule ule. Ukizichora, ya kwanza ni wingu la nukta linalopanda kwa mwelekeo wa mstari, ya pili ni mchirizo uliopinda, ya tatu ni mstari ulionyooka wenye nukta moja iliyotoka nje, na ya nne ina nukta kumi zilizosimama juu ya thamani moja ya x na nukta moja peke yake mbali kulia, ambayo ndiyo inayozaa uhusiano wote. Mtu aliyeishia kwenye jedwali la majibu angesema seti hizo nne ni kitu kimoja.

Mwanafunzi_Mpya aliandika tena

Nawashukuru sana wote wawili. Nimeziandika zile sampuli 25 na nimepata 4 na 8 kama ilivyoelezwa. Sasa tofauti ya 12 na 2 iko wazi kwangu. Kipengele kinachofuata kwenye zoezi kinataka masafa ya uhakika ya asilimia 95, yaani ncha mbili zinazokadiriwa kuuzunguka wastani wa kundi, nami nimepata kuanzia 54 hadi 62 kwa kukadiria. Je, ni sahihi kuandika kwamba kuna uwezekano wa asilimia 95 kuwa wastani wa watahiniwa wote uko kati ya 54 na 62? Na bado nina kiu ya maelezo kuhusu thamani ya p.

Jibu la Mwalimu_wa_Hesabu

Mwanangu, majibu yako ya namba ni mazuri. Kwa ukamilifu, unazidisha kosa sanifu la 2 kwa 2.03, namba inayotoka kwenye jedwali la mgawanyo wa t kwa digrii 35 za uhuru, na kupata masafa ya kuanzia 53.9 hadi 62.1. Mgawanyo wa t ulichapishwa mwaka 1908 na William Sealy Gosset, mkemia wa kiwanda cha bia cha Guinness huko Dublin, ambaye aliandika kwa jina la Student. Kazi yake ilimlazimu kufikia uamuzi kwa vipimo vichache, naye alitambua kwamba kwa sampuli ndogo mkengeuko sanifu wenyewe ni wa kukadiriwa, hivyo masafa lazima yapanuliwe kidogo kufidia mashaka hayo ya ziada.

Sentensi uliyopendekeza, hata hivyo, haifai katika mkabala unaofundishwa. Tumia ile mikusanyiko mitatu ya Mkokotozi. Wastani wa watahiniwa wote ni parameta. Umetulia mahali pamoja, uwe kati ya 54 na 62 au usiwe. Kinachocheza ni sampuli, na pamoja nayo ncha mbili za masafa. Hiyo asilimia 95 ni sifa ya njia: kama ungechagua sampuli nyingi za ukubwa huo na kwa kila moja ukatengeneza masafa kwa utaratibu huo huo, takriban 95 katika kila 100 yangeujumuisha wastani halisi. Jerzy Neyman, aliyeiweka nadharia hii katika sura yake kamili mwaka 1937, alisisitiza jambo hilo hilo. Andika hivi: "Tuna uhakika wa asilimia 95, kwa maana ya njia iliyotumika, kwamba masafa ya 54 hadi 62 yanaujumuisha wastani wa kundi." Ukitaka kweli kuzungumzia uwezekano wa parameta yenyewe, ipo njia nyingine inayotokana na kanuni ya Thomas Bayes, lakini hiyo inakudai ueleze kwanza ulivyoamini kabla ya kuziona data.

Sasa thamani ya p, na hapa nitakwenda taratibu kwa sababu ndipo watu wengi, wakiwemo watafiti wazoefu, wanapoteleza. Ronald Fisher alieleza mwaka 1935 jaribio la mama mmoja aliyedai kwamba akionja chai ya maziwa anaweza kutambua kilichotangulia kumiminwa kikombeni, chai au maziwa. Anapewa vikombe 8 kwa mpangilio wa nasibu, akijua kwamba 4 vilitanguliwa na maziwa na 4 vilitanguliwa na chai, na kazi yake ni kuvitaja vile 4 vilivyotanguliwa na maziwa. Nadharia tete sifuri inasema hana uwezo huo, anabahatisha tu.

Tuishi kwa muda ndani ya ulimwengu ambao nadharia hiyo ni kweli. Njia za kuchagua vikombe 4 kati ya 8 ni 70, na kwa mtu anayebahatisha zote zina nafasi sawa. Njia moja tu ndiyo sahihi kabisa. Kwa hiyo akivipata vyote 4, thamani ya p ni 1 kwa 70, takriban 0.014. Akipata 3 na kukosa 1 hali inabadilika sana: njia za kupata 3 sahihi ni 16, na p huhesabu tokeo lililoonekana pamoja na lolote lililo kali zaidi, hivyo tunaongeza ile 1 na kupata 17 kwa 70, takriban 0.24. Mtu anayebahatisha angefikia matokeo kama hayo karibu mara moja katika kila majaribio manne, kwa hiyo hatuna sababu ya kushawishika.

Ona tulichokifanya. Hesabu yote tuliifanya tukiwa tumeshakubali kwamba nadharia tete sifuri ni kweli. Namba iliyopatikana kwa kuichukulia nadharia kuwa kweli haiwezi yenyewe ikawa uwezekano wa nadharia hiyo kuwa kweli. Thamani ya p inajibu swali, "Kama anabahatisha, ni mara ngapi tungeona matokeo kama haya au makali zaidi?" Andiko lako la kwanza liligeuza swali likawa, "Tukiwa tumeona matokeo haya, kuna uwezekano gani kwamba anabahatisha?" Hayo ni maswali mawili, na majibu yake yanaweza kuachana kwa mbali.

Yanaweza kuachana kiasi gani? Tuseme watafiti wamepima nadharia 1,000, na katika 900 kati ya hizo nadharia tete sifuri ni kweli, yaani hakuna athari yoyote. Kwa kizingiti cha 0.05, yaani tukitangaza athari kila p inapokuwa chini ya 0.05, takriban 45 kati ya hizo 900 zitaonekana kuwa na athari kwa bahati tu. Hilo ndilo kosa la aina ya kwanza. Katika zile 100 zenye athari ya kweli, tuseme vipimo vina nguvu ya kugundua asilimia 80, basi 80 zitagunduliwa na 20 zitapita bila kuonekana, nalo hilo ni kosa la aina ya pili. Jumla ya matokeo yatakayotangazwa ni 125, na 45 kati yake, sawa na asilimia 36, ni ya uongo, ingawa kila moja lilivuka kizingiti cha asilimia 5. Badili lile gawio la 900 na 100, na jibu litabadilika. Lakini p yenyewe haina habari yoyote kuhusu gawio hilo. Mwaka 2016 chama cha wanatakwimu wa Marekani kilitoa tamko rasmi linalosema, miongoni mwa mambo mengine, kwamba thamani ya p haipimi uwezekano wa nadharia inayochunguzwa kuwa kweli.

Jibu la Mchambuzi_Data

Nichangie kwa ufupi jambo moja linalofuata moja kwa moja kutoka maelezo ya Mwalimu, kwa sababu Mwanafunzi_Mpya atalikuta kwenye sura inayolinganisha makundi mawili. Tokeo lenye umuhimu wa kitakwimu, yaani ambalo p yake iko chini ya kizingiti, si lazima liwe kubwa, na tokeo lisilo na umuhimu huo si uthibitisho kwamba hakuna tofauti.

Tuendelee na mkengeuko sanifu wa alama 12. Tuseme mbinu mbili za kufundishia zimelinganishwa kwa wanafunzi 20,000 kila upande, na tofauti ya wastani ikawa alama 0.4. Kosa sanifu la tofauti hiyo ni 0.12, tofauti ni zaidi ya mara tatu ya kosa lake, na p iko chini ya 0.001. Katika utafiti mwingine kila upande una wanafunzi 10 tu, na tofauti ya wastani ni alama 8. Kosa sanifu hapa ni takriban 5.4, na p ni takriban 0.15. Anayetazama p peke yake ataisifu mbinu iliyoongeza chini ya nusu alama na kuitupa iliyoongeza alama 8.

Masafa ya uhakika huonyesha hali halisi. Kwa utafiti wa kwanza, masafa ya asilimia 95 ni kuanzia takriban 0.16 hadi 0.64: tofauti ipo, nasi tunajua kwamba ni ndogo. Kwa wa pili ni kuanzia takriban −3.3 hadi 19.3: huenda mbinu inadhuru kidogo, huenda inasaidia sana, na data hizo hazitoshi kuamua. Kizingiti cha 0.05 ni desturi iliyoenea kutokana na maandishi ya Fisher ya mwaka 1925, si sheria ya maumbile, na sioni sababu ya kuitenganisha 0.049 na 0.051 kana kwamba kuna ukuta kati yake. Katika kipengele hicho cha makundi mawili, ningeanza kwa kuandika ukubwa wa tofauti pamoja na kipimo chake, kisha masafa yake, kisha idadi ya wanafunzi na namna walivyochaguliwa, na thamani ya p ningeiweka baada ya hayo yote.